Robota Lilifungwa kwa Ajili ya Ng'ombe

Kisu kinapita kwenye kamba ya kwanza, kisha ya pili, na robota linalegea. Nyasi zilizobanwa zinaanza kuachana, bamba moja baada ya jingine. Upande wa nje zimepauka kwa jua, jambo la kawaida. Ndani kuna kijani kilichotulia na harufu tamu. Halafu, karibu na katikati, bamba moja linagoma kuachana na mwenzake. Likivutwa kwa nguvu linatoa wingu jembamba jeupe ambalo halishuki sakafuni. Linabaki hewani, kwenye mwanga wa dirisha, muda mrefu kuliko vumbi la udongo.

Huo ni ukungu.

Muuzaji hakudanganya aliposema nyasi ni nzuri. Mteja wake wa kawaida ana ng'ombe wa maziwa. Angelichomoa bamba hilo, akalitupa pembeni na kuendelea kulisha. Lakini robota hili limepandishwa ngazi hadi ghorofa ya tatu, kwa ajili ya simbilisi wawili wenye uzito wa kilo moja kila mmoja, ambao watalala juu ya chakula chao na kuvuta vumbi lake usiku kucha.

Jambo hili limenikereketa kwa wiki kadhaa. Sisi tunaofuga simbilisi nyumbani, tuwe Nairobi, Arusha, Mombasa au Dar es Salaam, tunanunua kwenye soko lililojengwa kwa ajili ya mnyama mwingine. Siku ya kukata nyasi, ukubwa wa robota, dawa iliyopulizwa, hata jibu unalopewa na muuzaji, vyote vimepimwa kwa ng'ombe. Hakuna ubaya. Ila kazi ya kulipima upya robota ni ya mnunuzi, na wengi hatuifanyi.

Tumbo la mbele, tumbo la nyuma

Habari ya meno yasiyoacha kuota tunaijua sote, na kwamba bila kutafuna hei, yaani nyasi zilizokaushwa, kutwa nzima magego hurefuka mpaka mnyama ashindwe kula. Siirudii. Kisichozungumzwa sana ni mpangilio wa tumbo.

Ng'ombe hupokea chakula kwanza kwenye tumbo kubwa lililojaa vijidudu. Vijidudu hivyo hukutana na chakula kabla damu ya ng'ombe haijakutana nacho, na baadhi ya sumu huvunjwa hapo hapo. Simbilisi ameumbwa kinyume. Vijidudu vyake vinakaa kwenye mfuko mkubwa ulio baada ya utumbo mwembamba. Chakula kinapofika huko, utumbo umeshafyonza kilichofyonzeka, kizuri na kibaya.

Ndiyo maana kitu kinachomnenepesha ng'ombe kinaweza kumuua simbilisi.

Chukua mabua ya ngano au ya mpunga yaliyosindikwa kwa yurea. Mfugaji wa ng'ombe huyanyunyizia maji yenye yurea, huyafunika kwa turubai kwa wiki kadhaa, na kwake ni lishe halali kabisa, kwa kuwa vijidudu vya tumbo la mbele hugeuza yurea kuwa protini. Simbilisi hana faida hiyo. Anabakia na amonia. Mabua ya namna hii hutambulika kwa harufu kali inayowasha macho. Usiyaguse hata kwa kutandika.

Kuna na molasi, ambayo baadhi ya wauzaji huinyunyiza juu ya hei hafifu ili ng'ombe aipende. Sukari hiyo huvuruga uchachu wa tumbo la nyuma na kuleta gesi, na gesi kwa simbilisi ni dharura. Nyasi zenye molasi hunata kidoleni na hukaribisha ukungu haraka.

Halafu majani makavu ya lusina, ule mti wa malisho. Yana sumu iitwayo mimosini. Wanyama wenye tumbo moja huinyonya moja kwa moja, na dalili yake maarufu ni manyoya kunyonyoka. Ukiona vijani vidogo vya mti vimechanganyika na nyasi, uliza ni vya nini kabla hujalipa.

Boma Rhodes na siku ilipokatwa

Nchini Kenya, hei unayopata bila kuhangaika ni Boma Rhodes. Inatoka Nakuru, Naivasha, Laikipia, Kajiado, Uasin Gishu. Ni nyasi ya Kiafrika. Nawasikia wafugaji wakisononeka kwamba hawawezi kumudu timothi ya pakiti kutoka ng'ambo. Timothi ni nyasi ya nchi za baridi. Imesifiwa kwa sababu waliotangulia kuandika kuhusu simbilisi wanaishi huko. Boma Rhodes iliyokatwa vizuri ina nyuzi za kutosha, kalsiamu ya wastani, na mbegu zake ndogo hazina miiba ya kuchoma mdomo. Kwa simbilisi mzima haina upungufu wowote wa kuomba radhi.

Neno zito hapo ni "iliyokatwa vizuri".

Wakati bora wa kukata ni masuke yanapoanza kutokeza, kabla shamba zima halijachanua. Hapo majani ni mengi na shina halijawa gumu. Mkulima anayeuza kwa robota ana kishawishi cha kungoja, kwa kuwa nyasi zilizokomaa ni nzito na marobota huongezeka. Ng'ombe atazila, hasa wakati wa ukame. Simbilisi atachambua majani, aache mashina yamelala kama njiti za kiberiti, na mwenye nyumba atadhani mnyama wake anadeka.

Misimu nayo ina siri yake. Nyasi za masika hukatwa kuanzia Juni, na sehemu nyingi za nyanda za juu za kati Juni na Julai ni miezi ya mawingu na manyunyu. Nyasi zikilala shambani bila jua, huchelewa kukauka na hufungwa zikiwa na unyevu. Nyasi za vuli zinazokatwa Januari na Februari hukutana na jua kali na upepo mkavu, zikakauka kwa siku mbili tatu. Kama nina uhuru wa kuchagua, nanunua akiba yangu mwezi Februari.

Robota lililofungwa juzi nalo nalikwepa. Hei mpya hutoa jasho kwa wiki kadhaa: mimea haijamaliza kupumua, vijidudu bado vinafanya kazi, joto linapanda na unyevu unatafuta pa kutokea. Iachie ghala la mkulima kazi hiyo. Robota lenye umri wa wiki sita limeshaonyesha tabia yake, liwe zuri au baya.

Alfalfa, mmea wa malisho wa jamii ya kunde, ni habari nyingine. Kalsiamu yake ni kati ya mara mbili na mara nne ya nyasi za kawaida, na simbilisi huitoa kalsiamu ya ziada kupitia mkojo. Kwa jike mwenye mimba au anayenyonyesha, na kwa watoto wasiofika miezi 6, inafaa. Kwa mzima ni njia ya mawe kwenye kibofu. Ishara za mwanzo ni mkojo unaokauka na kuacha unga mweupe mwingi kwenye tandiko.

Maswali mahususi

"Nyasi ni safi?" ni swali lisilo na faida. Litajibiwa ndiyo.

Uliza ilikatwa mwezi gani. Uliza kama ilinyeshewa ikiwa chini. Uliza kama shamba lilipulizwa dawa ya magugu, na lini. Uliza kama marobota yalikaa ghala moja na mbolea, mbegu zilizotiwa dawa, au madumu ya dawa ya kuogeshea ng'ombe, maana dumu linalovuja hulowesha robota la chini na hakuna atakayejua. Muuzaji anayelijua shamba lake hujibu bila kusita. Dalali atasema "hiyo ni nyasi ya kawaida tu", na hapo unajua kwamba ukaguzi wote umebaki mikononi mwako.

Sema pia wazi kwamba ni kwa ajili ya simbilisi. Wengine watashangaa. Waliokulia Iringa au Njombe hawatashangaa hata kidogo, kwa kuwa kule wanyama hawa hufugwa kwa nyama na kulishwa majani mabichi kila siku. Wakati mwingine muuzaji akishaelewa ni mnyama mdogo, hukuchagulia robota la katikati ya rundo, lisilogusa sakafu wala bati. Hilo ndilo la kuchukua.

Mkono ndani ya robota

Rangi hudanganya pande zote mbili. Nyasi iliyopauka kwa juu inaweza kuwa salama kabisa ndani. Jua limekula rangi na sehemu ya karotini, basi. Nyasi ya kijani inaweza kuwa mbichi katikati. Kwa hiyo rangi ninaiangalia mwisho.

Kwanza uzito. Nyanyua marobota matatu yanayolingana ukubwa. Moja likiwa zito waziwazi kuliko wenzake, mara nyingi uzito huo ni maji.

Pili, ingiza mkono katikati kadiri utakavyofika. Ukihisi ujoto ambao haupo nje, acha. Kwa robota lililobana sana tumia kipande cha nondo nyembamba: kichomeke mpaka katikati, subiri dakika 10 au 15, kichomoe na ukishike papo hapo. Kinapaswa kuwa na joto la hewa tu. Ghala lililojaa marobota mabichi linaweza kujiwasha moto lenyewe, na mkulima makini huanza kuhofu joto la ndani linapopita nyuzi 55 za Selsiasi. Robota moja nyumbani halitafika huko, lakini joto lolote linamaanisha vijidudu vinakula kabla ya simbilisi wako.

Tatu, chomoa konzi ya nyasi kutoka ndani, siyo ukingoni, uisokote kwa mikono miwili. Nyasi kavu hutoa sauti ya kukwaruza na mashina kadhaa huvunjika. Ikisokoteka kimya, ikawa laini kama uzi, ni mbichi.

Nne, pua. Hei nzuri hunukia nyasi na utamu kidogo. Harufu ya tumbaku au sukari iliyoungua, pamoja na rangi ya kahawia, inaonyesha robota lilipata joto kali: siyo lazima liwe na sumu, lakini protini yake imefungwa na haimeng'enyeki vizuri. Harufu ya uvundo haina mjadala.

Mwisho, chambua konzi ile juu ya karatasi nyeupe. Unatafuta magugu. Mnanaha ndio ninaouogopa zaidi, na vitumba vyake vyenye miiba huonekana hata vikikauka. Gugu karoti, lantana na marejea pori navyo havitakiwi. Kukauka hakuondoi sumu ya mimea hii, na mnyama ambaye angeuepuka mmea mbichi kwa uchungu wake anaweza kuula ukiwa mkavu, umechanganyika. Mbegu za kishonanguo si sumu, ila huchoma fizi na macho. Na ukikuta nyoka, panya au ndege aliyekufa ndani, robota lote linatupwa, si kipande kile tu. Mzoga ndani ya malisho ni chanzo cha sumu ya botulini.

Mtihani wa chupa wa wakulima wa mahindi unasaidia pia, ingawa kwa hei hutoa dokezo tu. Katakata nyasi fupi fupi, jaza theluthi ya chupa kavu ya kioo, ongeza kijiko cha chumvi kavu, funga, tikisa kwa dakika chache, iache itulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu umezidi kama asilimia 15. Ikianguka chini yote, uko pazuri.

Hesabu ya kilo

Marobota huuzwa kwa idadi, lakini simbilisi hali idadi. Robota la mashine linaweza kuwa na kilo 15, na lingine la bei ile ile likawa na 10. Lile linalofungwa kwa kisanduku cha mbao cha sentimita 85 kwa 55 kwa 45 hufika karibu kilo 20 likishindiliwa vizuri. Nenda na mizani ya kuning'iniza na ugawe bei kwa kilo.

Simbilisi mmoja, ukihesabu anachokula, anachokanyaga na anachokojolea, mpangie gramu 100 kwa siku. Wawili ni gramu 200. Robota la kilo 15 litawalisha siku 75. Ukitumia hei hiyo hiyo kutandika, gawanya muda huo kwa mbili na zaidi.

Hapo ndipo shaka yangu ya kwanza ilipoanzia. Je, mtu mwenye simbilisi wawili kwenye nyumba ya vyumba viwili anunue robota zima? Siku 75 zinaweza kupita mwezi mkavu na kuangukia katikati ya masika. Bei ya kilo kwenye robota ni nafuu mno kuliko ya mfuko mdogo wa dukani, lakini theluthi ya mwisho ikiota ukungu, unafuu huo umekwenda.

Jibu langu ni kugawana. Wafugaji watatu, robota moja, kila mmoja kilo tano, na linafunguliwa siku linapofika, nje, mbele ya wote. Kilo tano ni rahisi kuzikagua jani kwa jani. Robota zima hubaki na siri zake mpaka mwezi wa pili.

Plastiki

Hapa ndipo nilipohangaika zaidi, kwa sababu ushauri unapingana na kila upande una hoja.

Upande mmoja unasema: hei ipumue. Gunia la juti, foronya ya pamba, boksi la katoni lenye matundu. Usifunge ndani ya plastiki, itaota ukungu. Upande mwingine unasema: funga ndani ya pipa lenye mfuniko, la sivyo panya, mende na unyevu wa hewa vitaimaliza. Nimeona hei iliyooza ndani ya pipa. Nimeona pia hei ya Mombasa iliyokaa kwenye gunia zuri la juti ikalegea, ikapoteza sauti yake ya kukwaruza, na kuanza kunuka bila tone la mvua kuigusa.

Kilichonifungua macho ni kuacha kuuliza chombo na kuuliza maji yanaelekea wapi.

Hei haikai kavu kwa sababu ilikaushwa. Hubadilishana unyevu na hewa inayoizunguka mpaka vyote vilingane. Nyasi ikiwa mbichi kuliko hewa, inatoa maji. Ukiifungia, maji hayo hayana pa kwenda, yanapanda mchana kwenye joto na kuganda usiku chini ya mfuniko, kisha yanadondoka. Nyasi ikiwa kavu kuliko hewa, inafyonza. Ukiiacha wazi Pwani au Unguja, ambako unyevu wa hewa hukaa juu ya asilimia 70 kwa miezi, itafyonza mpaka ivuke mpaka wa usalama. Ushauri wote wawili ni sahihi, kila mmoja mahali pake.

Kwa hiyo napima. Kile kidude cha kupimia unyevu wa hewa, haigromita, huuzwa bei ndogo kwenye maduka ya vifaa vya elektroniki. Weka hei ndani ya pipa, weka haigromita katikati ya nyasi, funga mfuniko, acha mpaka kesho yake. Namba utakayosoma ni ile ambayo nyasi zenyewe zimeilazimisha hewa ya ndani iifuate. Chini ya asilimia 60, funga pipa bila wasiwasi. Kati ya 60 na 70, rudisha kwenye gunia mahali penye upepo, pima tena wiki ijayo. Juu ya 70, tandaza kivulini mara moja, kwa unene usiozidi kiganja, ugeuze asubuhi na jioni.

Kwa vitendo, mtu wa Nairobi au Nakuru anayeleta hei asiyoijua vizuri aanze na gunia kwa wiki mbili tatu, halafu pipa. Mtu wa Mombasa au Dar aliyepata hei kavu kweli ya nyanda za juu afunge siku ile ile inapofika, tena kwa mafungu madogo ya wiki moja moja, ili kufungua fungu moja kusiloweshe mengine. Viroba vya sandarusi vilivyofumwa viko katikati: vinapitisha hewa kidogo, havizuii panya hata kidogo.

Kwa wanaohifadhi marobota mazima bandani, saruji ndiyo adui wa kimyakimya. Sakafu ya saruji hupandisha unyevu kutoka ardhini, na robota lililolala juu yake huoza upande wa chini huku juu likipendeza. Weka paleti au mbao, nafasi ya sentimita 10 hadi 15 kutoka chini, na upana wa mkono kutoka ukutani. Juu, chini ya bati, acha nafasi kubwa zaidi. Sehemu za baridi kama Limuru au Nyahururu, bati hutoa jasho usiku na kudondoshea robota la juu kabisa. Turubai juu ya rundo lifunike mgongo tu. Ukilishusha pande zote umetengeneza pipa lingine.

Na hei ni kiberiti. Isikae karibu na jiko, soketi, jenereta wala mahali mtu anapovutia sigara.

Panya, na paka aliyeletwa kuwafukuza

Panya haharibu hei kwa kuila. Anaikojolea. Mkojo na kinyesi chake vinaweza kubeba bakteria wa salmonela, na simbilisi ni miongoni mwa wanyama wanaokufa upesi kwa salmonela. Vinyesi vyeusi mithili ya punje za mchele ndani ya robota, pamoja na kamba iliyotafunwa, vinatosha kulikataa.

Paka wa ghalani naye hupenda kujisaidia kwenye nyasi laini, na kinyesi chake kinaweza kuleta vimelea vya toksoplasma. Mkulima anamshukuru paka huyo, na ana haki. Wewe unachotaka ni pipa lenye mfuniko unaobana.

Kupe na utitiri wanaotoka na nyasi za malishoni wanaweza kupunguzwa kwa friza. Funga hei kavu kwenye mfuko wa plastiki, kamua hewa, iweke kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri kwa siku tatu au nne. Ukiitoa, usifungue mfuko. Uache mpaka ufikie joto la chumba, kwa sababu ukifungua ukiwa baridi, maji ya hewani yatagandia kwenye nyasi na utakuwa umeloweka ulichokausha. Friza huua wadudu wengi. Haiui ukungu wala haiondoi sumu yake. Hei yenye ukungu ikitoka kwenye friza ni hei yenye ukungu iliyo baridi.

Kulifungua na kulianzisha

Fungua robota nje, ukiwa umevaa barakoa. Vumbi la ukungu huwaumiza watu pia, na wakulima wanaolivuta miaka mingi hupata ugonjwa wa mapafu unaojulikana. Kamba ziwe za katani au nailoni, zihesabu: kama zilikuwa mbili, mbili zitoke, pamoja na vijinyuzi vilivyokatika. Tenganisha mabamba, kung'uta kila moja, tupa lililonata. Ukikuta doa la ukungu, usiridhike na kuondoa doa lenyewe. Toa na nyasi za pande zote zilizo umbali wa mkono mmoja. Ukikuta madoa sehemu mbalimbali, acha kuhesabu, tupa lote.

Wengi wetu hukimbilia kuianika juani hei iliyoanza kunuka. Jua litaikausha, harufu itapungua, na vijimbegu vya ukungu vitabaki pale pale, vikavu na vyepesi zaidi kupeperuka puani mwa mnyama. Afadhali angalikuwa hana hei ya jana kuliko kuwa na hiyo.

Hei mpya ichanganywe na ya zamani kwa siku 7 hadi 10, robo kwanza, kisha nusu. Kwa siku hizo angalia vinyesi: viwe vikubwa, vigumu, vinavyofanana. Vikiwa vidogo na vichache, anakula kidogo. Chafya mfululizo au ukoko machoni ni vumbi. Pima uzito kila wiki. Simbilisi aliyegoma kula kwa nusu siku apelekwe kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, usingoje kesho.

Na hei haina vitamini C ya kutegemea. Iliondoka wakati wa kukauka. Mwili wa simbilisi hauwezi kuitengeneza, na anahitaji miligramu 10 hadi 30 kwa kila kilo ya uzito kila siku. Pilipili hoho fungu dogo hufanya kazi hiyo vizuri.

Robota likikataliwa

Usimpe jirani mwenye sungura. Usiwape kuku watandikie. Weka kwenye shimo la mboji, lilowanishe ili vumbi lisiruke, na lifunike kwa udongo.

Kisha mtumie muuzaji picha ya bamba lililonata, ukionyesha lilikuwa sehemu gani ya robota. Ukungu wa katikati humwambia kwamba alifunga mapema, nyasi zikiwa mbichi. Ukungu wa upande mmoja humwambia kuhusu sakafu au paa la ghala lake. Hata kwa ng'ombe ni hasara kwake, kwa hiyo si kumsumbua, na mkulima aliyefuata shauri hilo msimu uliopita ndiye wa kumpigia simu Februari ijayo.